Barua ya wazi kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi: turudishieni nishani na kitabu cha safari cha baba yetu

Ukonga, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,

YAH: KUREJESHWA KWA NISHANI, KITABU CHA SAFARI ZA ANGANI NA VIFAA VYA MAREHEMU BABA YETU, MEJA MSTAAFU, RUBANI WA KIKOSI CHA ANGA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya mama yangu na wadogo zangu, nikiwa msimamizi wa mirathi niliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Jina la taasisi yenu, iliyoazima vitu vya baba kwa ajili ya maonyesho, silitaji. Ninyi mnajijua, na ninachotafuta ni vitu vya baba, siyo kumvunjia mtu heshima mbele ya watu.

Nimefika hadharani baada ya kufuata utaratibu wote. Barua zetu zilipokelewa masijala na kugongwa mhuri, nakala ninazo. Tuliambiwa jalada halionekani. Baadaye likaonekana, ila liko mezani kwa mkubwa. Mkubwa akawa yuko safarini Dodoma. Aliporudi akahamishwa, na aliyekuja baada yake hajakabidhiwa ofisi. Mama yangu amevuka miaka sabini na anatembea kwa mkongojo. Amepanda daladala kutoka Gongo la Mboto hadi mjini, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi, na ilipofika saa saba mchana akaambiwa arudi wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo imejirudia mpaka nimemkataza kwenda tena.

Niwaeleze kwanza baba alikuwa nani, pamoja na wengine watakaosoma barua hii, maana bila hilo madai yetu yataonekana ni ugomvi wa vipande vya chuma na karatasi kuukuu.

Baba aliingia jeshini Jeshi la Wananchi likiwa bado changa. Liliundwa Septemba 1, 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo, na kikosi chake cha anga kilikuwa kinaanza kutambaa. Wajerumani Magharibi walioanza kufundisha waliondoka mwaka 1965 kwa sababu ya mvutano juu ya Zanzibar na Ujerumani Mashariki. Wakanada wakachukua nafasi yao hadi mwaka 1970, wakaja na ndege za Otter na Caribou, na vijana wa Kitanzania wakafundishwa kuzirusha. Baba alikuwa miongoni mwao. Walipokuja Wachina na ndege za kivita, baadhi ya wenzake walihamia huko. Yeye alibaki kwenye Caribou.

Caribou ni ndege ya uchukuzi. Ina injini mbili za pistoni, mkia ulioinuka juu na mlango mpana wa nyuma unaoshuka mpaka chini, gari dogo likaingia kwa magurudumu yake. Inabeba askari 32 na inatua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Haina bomu wala bunduki. Naomba mlikumbuke hilo, nitalirudia.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera, na mwanzoni mwa Novemba Mwalimu aliwaambia wazee wa Dar es Salaam pale Diamond Jubilee kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Uwezo ule ulikuwa na watu wake. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, na barabara za wakati ule wazee wetu wanazijua. Mchele, mafuta, risasi, dawa na damu ya hospitali vilihitaji kufika, na majeruhi walihitaji kurudi. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya baba yetu.

Mlichochukua nyumbani kwetu ni hiki: nishani nne pamoja na tepe zake, ikiwemo ya Vita vya Kagera, beji ya mabawa aliyovishwa alipohitimu urubani, kibao cha kufunga pajani ambacho rubani huandikia akiwa angani, vifaa vyake vya kusikilizia, bahasha ya picha, na kitabu chake cha safari za angani. Karibu vyote viliorodheshwa kwenye stakabadhi. Vilivyosahaulika ni vidogo, na leo sividai.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Vitu hivi viliazimwa. Havikutolewa zawadi wala havikuuzwa. Stakabadhi iliyoandikwa kwenye karatasi yenye nembo yenu inasema vimepokelewa "kwa ajili ya maonyesho na vitarejeshwa kwa familia maonyesho yatakapofungwa". Maonyesho yalifungwa zamani. Baadhi ya vitu vikahamishiwa kwenye kabati la vioo la kudumu, na hakuna aliyekuja kutuuliza. Baba alikuwa hai wakati huo. Alidai kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuamini ofisi, na amefariki akidai.

2. Maelezo mliyoweka kwenye kabati hilo si ya kweli. Kibandiko kinasema baba alikuwa "rubani wa ndege ya kivita aliyeshambulia uwanja wa Entebbe". Hakuwa. Hajawahi kurusha ndege ya kivita, na hakuna siku aliyosema nyumbani kwamba aliwahi. Mtoto wa mdogo wangu alipelekwa hapo na shule yake, akarudi nyumbani akitamba kwamba babu aliangusha mabomu Uganda. Bibi yake akamkalisha chini na kumweleza kwamba babu alibeba watu. Mtoto akauliza, sasa mbona pale wameandika hivyo? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na nawaomba mlisome taratibu. Marubani waliokwenda Entebbe walikuwepo. Ni watu wenye majina, na hapa Ukonga zipo familia za marubani wa vita ile. Kumpa baba sifa ya kazi yao ni kuwadhulumu wao, na ni kumdhulumu yeye pia, kwa kuwa mmefuta alichofanya mkaweka mnachoona kinapendeza zaidi. Kurusha ndege isiyo na silaha mpaka karibu na mapigano, ukatua kwenye udongo uliolowa mvua, ukasubiri injini zikinguruma huku machela zinapandishwa kwa mlango wa nyuma, ukaruka tena usiku kuelekea Mwanza na watu wanaolia mgongoni mwako, hiyo si kazi ya kuonewa aibu hata ihitaji kupambwa. Wapo wazee katika nchi hii wanaotembea leo kwa sababu Caribou iliwahi kufika. Mmoja alikuja msibani kwetu. Hakuwa ndugu wala jirani. Alisema tu kwamba mwaka 1979 alipandishwa kwenye ndege ya marehemu akiwa hajitambui, akakaa na wafiwa mpaka matanga yalipoanuliwa.

3. Kitabu cha safari hakionekani. Hiki ndicho kingesahihisha kibandiko chenu kwa dakika moja. Rubani wa jeshi huandika kila safari: tarehe, aina ya ndege na namba yake, nani alikuwa rubani na nani msaidizi, kazi iliyofanyika, saa za mchana na saa za usiku. Baba alifundishwa kuandika saa za usiku kwa wino mwekundu. Kila mwisho wa mwezi saa zinajumlishwa na mkuu wa kikosi anaweka sahihi. Kitabu chake kina jalada gumu la kitambaa lililochakaa pembeni, na tulipokuwa wadogo alikuwa akituruhusu kukifungua tukiwa tumenawa mikono. Kurasa za 1977 zina wino mweusi karibu mtupu. Kuanzia Novemba 1978 wekundu unaongezeka, na ukifika mapema 1979 zipo kurasa ambazo wekundu ni mwingi kuliko weusi. Kwenye safu ya kazi ameandika kwa herufi ndogo zilizonyooka: mafuta, mchele, askari, majeruhi. Mara chache ameandika neno moja, miili. Hakuongeza kitu, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Kwa muda mrefu mlituambia kitabu kiko kwa mtafiti. Mtafiti gani, wa chuo gani, alikichukua lini na kwa sahihi ya nani, hatujaambiwa. Kitabu kile hakina nakala. Kikiliwa na mchwa, au kikiachwa kwenye stoo yenye unyevu katika mji huu wa chumvi na joto, hakuna ofisi itakayoweza kukiandika upya.

4. Nishani zimesuguliwa, na moja tunaamini si ya baba. Mtu fulani amezing'arisha kwa dawa ile ile ambayo askari hung'arishia bakoli, yaani kile chuma cha kufungia mkanda. Bakoli haina cha kupoteza. Nishani ina sura na maandishi yaliyoinuka, na kila ukisugua unaondoa safu ya chuma chenyewe. Ya Kagera sasa inang'aa kama kijiko kipya, na kingo za maandishi yake zimelainika. Sisi tulikuwa tunaifuta vumbi kwa kitambaa kikavu cha pamba na kuiweka mbali na jua ili utepe usipauke. Tepe nazo zimebadilishwa. Mama alizishona kwa mkono wake, kwa uzi mweusi uliopishana nyuma. Uzi huo haupo tena, na nishani ya tatu kutoka kushoto mama anasema ni nyepesi kwa macho na rangi yake siyo.

Mnaweza kusema macho ya bibi kizee hayaaminiki. Basi upo ushahidi usiohitaji macho yake. Babu yetu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma mwaka 1944. Alipewa medali ya Nyota ya Burma, na nyota ile ilipotea ikiwa mikononi mwa mtu aliyeiazima. Medali za Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walizichonga namba na jina la askari ukingoni. Nyota za vita vya pili, kama waliyompa babu, hazikuchongwa kitu. Kwa hiyo iliyo ya babu haiwezi kutambulika popote ilipo duniani, hata kama ipo sebuleni kwa mtu leo. Baba alilijua hilo akiwa kijana, na alipopewa nishani zake alikuna kwa ncha ya sindano, nyuma ya kila moja, tarakimu tatu za mwisho za namba yake ya jeshi. Tarakimu hizo tunazijua sisi na sitaziandika hapa. Nishani zenu zimebanwa kwenye kitambaa zikiangalia mbele. Tumeomba zigeuzwe tuone mgongo. Ombi hilo, ambalo lingechukua muda mfupi kuliko kunywa chai, limekataliwa kwa maneno kwamba vitu vya maonyesho havishikwi. Hata hivyo vilishikwa vya kutosha kusuguliwa.

Msishangae kwa nini tuna wasiwasi. Wapo watu duniani wanaonunua na kuuza nishani za vita, na wanachokitafuta zaidi ni nishani zikiwa pamoja na karatasi za mwenyewe, picha zake na kitabu chake. Zikitawanyika, kila kipande kinabaki bila habari. Hatumtuhumu mtu kuuza. Tunasema kwamba nishani isiyofanana na yetu na kitabu kisichoonekana ni mambo mawili yanayotakiwa kujibiwa kwa maandishi, na kujibiwa na Bodi, siyo na karani wa mapokezi.

5. Picha ya baba akiwa amesimama chini ya bawa la ndege imechapishwa kwenye kalenda iliyouzwa. Hatukuombwa ruhusa wala hatukupewa hata nakala moja. Tuliiona ukutani kwenye duka la dawa.

Najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine tumeshayasikia.

Mtasema vitu hivi ni urithi wa Taifa. Tunakubali kwamba historia ya baba ni ya Taifa, na ndiyo maana tuliviazimisha bila kudai senti. Lakini Taifa halikumkabidhi nishani mtu wa masijala, lilimvika baba kifuani. Kama mnaona vina thamani kubwa kwa nchi, upo utaratibu wa kuiomba familia ivitoe kwa hati, na jibu letu lingetegemea mlivyovitunza.

Mtasema familia hazina uwezo wa kutunza. Usiku wa Februari 16, 2011, ghala la silaha la Gongo la Mboto lilipolipuka, tulikimbia kama walivyokimbia maelfu wengine. Watu walitoka na watoto, wengine bila viatu. Mama alitoka na mjukuu mgongoni na sanduku la bati la baba mkononi, tukaenda nalo mpaka Uwanja wa Uhuru, tukalala nalo. Nishani zote zilikuwemo na kitabu kilikuwemo, na kesho yake vilirudi vyote. Walioshindwa kutunza si sisi.

Mtasema kitabu kina siri za jeshi. Mlikipokea, mkakiweka kwenye maonyesho kikiwa wazi, kila aliyepita akakisoma. Hakiwezi kuwa siri kwa familia peke yake.

Mtasema uongozi umebadilika. Stakabadhi haikuandikwa kwa jina la mtu, imeandikwa kwa jina la taasisi, na taasisi ipo na inalipisha kiingilio. Na kama mtasema warithi hatujaelewana, hati ya usimamizi wa mirathi imeambatishwa kwenye barua zote mlizogonga mhuri, na wadogo zangu wote wametia sahihi.

Baada ya hayo, Waheshimiwa, maombi yetu ni haya, na tunataka yatekelezwe kabla ya Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Kwanza, tupangiwe siku ya kuja kuviona vitu vyote, mimi na mama, mbele ya mjumbe mmoja wa Bodi, nishani zikigeuzwa na kila kitu kikilinganishwa na stakabadhi. Kilichopo kiandikwe kwamba kipo na hali yake, kisichopo kiandikwe kwamba hakipo. Mama atafutiwe kiti.

Pili, kitabu cha safari kirudishwe siku hiyo hiyo. Kama kweli kiko kwa mtafiti, tupewe jina la taasisi yake na tarehe aliyokichukua, tutakifuata wenyewe. Vingine tunaweza kuzungumza muda, kitabu hapana.

Tatu, kibandiko kiondolewe sasa hivi, hata kabla ya mazungumzo. Hilo halihitaji kikao. Badala yake pawekwe maneno ya kweli, na tuko tayari kuyaandika nanyi: kwamba alikuwa rubani wa Caribou, kwamba alibeba vyakula, askari na majeruhi katika Vita vya Kagera.

Nne, nishani zirudishwe zote nne bila kusuguliwa tena, pamoja na beji, kibao, vifaa vya kusikilizia na picha. Kama ipo iliyopotea, tuambiwe imepotea. Ukweli mchungu tutaupokea, tumeshazika.

Hatukatai baba kuonekana. Vitu vikisharudi na kukaguliwa, tuko tayari kitabu kipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, nakala zikakaa kwenu na kwenye maktaba yoyote inayotaka, vijana wasome. Tuko tayari hata kuviazimisha tena kwa mkataba wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, wenye picha ya kila kitu mbele na nyuma, na jina la ofisa anayewajibika kikiharibika. Hivyo ndivyo makumbusho makini yanavyofanya, na hakuna gharama hapo zaidi ya karatasi na uaminifu.

Tarehe hiyo ikipita bila jibu la maandishi, stakabadhi, nakala za barua zenye mhuri wenu na picha za vitu hivi tulizopiga kabla hamjavichukua zitakuwa kwa wakili, na shauri litafunguliwa mahakamani hapa Dar es Salaam. Kati ya picha hizo tulizopiga wenyewe ipo moja inayoonyesha migongo ya nishani zote nne.

Simu yangu na anwani mnazo kwenye barua za awali. Nasubiri tarehe ya kuja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Binti mkubwa wa marehemu na msimamizi wa mirathi,
kwa niaba ya mama na wadogo zangu